Chumba chako kina giza hata mchana? Namna ya kuchagua rangi ya kuta

Wakimbizi wengi wanaoishi Bujumbura wamepanga vyumba Buyenzi, Bwiza, Kinama, Kamenge au Kanyosha. Mara nyingi chumba cha bei nafuu ni kile cha nyuma ya kiwanja: dirisha moja dogo, na ukuta wa jirani hatua mbili mbele yake. Watoto wanaandika masomo yao mlangoni, anayeshona anatoa cherehani nje, na taa inawashwa saa nane mchana. Kupaka rangi kunaweza kubadilisha hali hiyo kwa gharama ndogo. Lakini rangi isiyofaa hupoteza pesa, na rangi nyingine ni hatari kwa watoto. Makala haya yanakueleza uchague nini na uanzie wapi.

Rangi inafanya nini?

Rangi haitoi mwanga. Inarudisha tu ule ulioingia. Ukuta wa chokaa nyeupe, ukiwa safi, hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoufikia. Saruji (sima) isiyopakwa hurudisha kama robo hivi. Kijani kizito au buluu nzito hurudisha kidogo zaidi. Mwanga wa dirishani hupiga ukuta mmoja, ukaenda kwa mwingine, kisha darini. Kila ukuta mweusi unaula kidogo njiani. Kwa hiyo rangi mbaya hudhuru zaidi chumba chenye dirisha dogo.

Kabla ya kununua rangi, ongeza mwanga unaoingia:

- Futa vumbi na masizi kwenye vioo vya dirisha, ndani na nje.
- Ondoa kabati au magunia yaliyozuia dirisha. Badilisha pazia zito kwa kitambaa chepesi cheupe.
- Muombe jirani mpake chokaa ukuta wake unaotazama dirisha lako. Huo ndio "mbingu" ya chumba chako. Ukiwa mweupe, mwanga unarudi kwako.
- Kama hakuna dari, zungumza na mwenye nyumba kuhusu bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Mwaka 2002 fundi Alfredo Moser wa Brazil alitumia chupa ya plastiki yenye maji na dawa kidogo ya kung'arisha nguo (Javel), akaipitisha katika tundu la bati. Njia hiyo imesambaa nchi nyingi, lakini tundu lisipozibwa vizuri, mvua itaingia.

Je, upande wa dirisha una maana?

Mashauri mengi ya intaneti yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako dirisha la kaskazini halipati jua. Hapa si hivyo. Bujumbura iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu juu ya kichwa: mwezi wa Juni limeinamia kaskazini, Desemba limeinamia kusini.

Tofauti kubwa hapa ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, ingawa milima ya upande huo hulichelewesha kidogo. Dirisha la magharibi, linalotazama ziwa Tanganyika na milima ya Kongo, hupata jua kali la alasiri. Zaidi ya hapo, angalia kilicho mbele ya dirisha. Mwembe hutia chumba ukijani. Ukuta wa matofali hukitia wekundu. Mwanga huo utabadilisha rangi yoyote utakayopaka.

Chagua rangi gani?

- Dari: nyeupe isiyong'aa. Ipakwe kwanza, hata kama pesa haitoshi kumaliza kuta. Kama juu ni mabati matupu, usipake rangi ya maji, kwani itaambuka. Osha masizi kwa maji ya sabuni. Bati safi lenyewe hurudisha mwanga.
- Kuta: krimu, rangi ya ganda la yai, au njano iliyofifia kama ndizi mbivu iliyomenywa. Nyeupe kabisa hurudisha mwanga mwingi zaidi, lakini pasipofika jua kabisa pembe zake huonekana za kijivu na baridi. Krimu hupoteza kidogo tu na chumba huonekana chenye uhai.
- Ukuta unaotazamana na dirisha: huu upate rangi nyeupe zaidi kuliko zote, kwa sababu unapokea mwanga wa kwanza.
- Sehemu ya chini: wengi hupaka rangi nzito ya mafuta hadi kifuani ili kuficha uchafu. Ishushe ifike magotini tu, na uchague rangi ya wastani, kwa mfano ya mchanga, inayooshwa kwa kitambaa.
- Mng'ao: rangi inayong'aa huonyesha kila donge la ukuta usio laini na huumiza macho karibu na dirisha. Isiyong'aa husambaza mwanga vizuri. Weka inayong'aa chini tu, panapoguswa.

Jaribu kwanza

Usichague dukani. Nunua kiasi kidogo, paka mara mbili kwenye kipande cha katoni kilichotangulia kupakwa nyeupe, na ukiache kikauke. Kiegemeze kwenye ukuta wenye giza kuliko zote, ukitazame mara tatu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, na usiku kwa taa unayotumia. Balbu ya mwanga mweupe wa baridi huifanya njano ionekane na ukijani. Ya mwanga wa manjano huifanya krimu ionekane nzito. Kama umeme hukatika mara kwa mara kwenu, ijaribu pia kwa taa ya sola.

Chokaa au rangi ya dukani?

Chokaa ni rahisi, ni nyeupe sana, na huacha ukuta upumue. Haifai juu ya rangi ya mafuta, na hushika nguo. Lowesha ukuta, kisha paka matabaka mawili au matatu mepesi. Usishtuke ikionekana hafifu ikiwa mbichi. Huwa nyeupe ikikauka. Chokaa huunguza: vaa miwani na glavu, na weka watoto mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya mara moja.

Rangi ya maji hugharimu zaidi lakini haishiki nguo na hufutika. Pitisha kiganja ukutani kabla ya kuipaka: kikitoka cheupe, sugua na uoshe chokaa ya zamani, la sivyo rangi mpya itaambuka. Na kama ukuta una unyevu, tafuta kwanza maji yanakotoka. Rangi haiponyi unyevu. Hupasuka baada ya miezi michache. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora kwa kazi hii.

Unahitaji lita ngapi?

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za mita 2.5. Kuta zote ni mita za mraba 35. Ukitoa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mara mbili ni 64. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 8 kwenye ukuta wa kawaida, kwa hiyo unahitaji lita 8. Dari ni mita za mraba 12. Mara mbili ni 24, yaani lita 3. Saruji isiyo laini hunywa rangi zaidi.

Tahadhari: madini ya risasi

Baadhi ya rangi, hasa za mafuta zenye njano kali, nyekundu au rangi ya chungwa, huwekwa madini ya risasi, yale yale yaliyomo kwenye betri za magari. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo wa mtoto na uwezo wake wa kujifunza, na pia ni hatari kwa mimba.

- Tafuta kopo lenye maandishi ya Kifaransa "sans plomb", yaani bila risasi. Usinunue rangi iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na jina.
- Usitumie ndani ya nyumba rangi iliyobaki kwa mafundi wa magari.
- Rangi ya zamani inayoambuka usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe, kusanya mabaki yote, na watoto na wajawazito wawe nje.

Ongea na mwenye nyumba

Omba ruhusa kabla ya kupaka, na mkubaliane kwa maandishi: nani ananunua rangi, nani analipa fundi, na je, gharama itapunguzwa kwenye kodi? Andikeni pia kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya kazi hiyo kwa muda mliokubaliana. Weka risiti. Karatasi moja yenye sahihi mbili, na shahidi mnayemwamini wote, huepusha ugomvi wa baadaye.

Kama pesa ni kidogo

Paka dari na ule ukuta unaotazama dirisha, basi. Kwa chumba cha mfano wetu, ukuta huo ukiwa wa mita 3, ni lita 5 hivi. Kisha sogeza meza ya watoto karibu na ukuta huo, dirisha likiwa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike daftari.