CHAN, AFCON: Klabu inalazimika kumwachia mchezaji?

Kila Taifa Stars ikiita wachezaji, swali hurudi vijiweni Dodoma: klabu inaweza kukataa?

Inategemea na mashindano. AFCON ipo kwenye kalenda ya FIFA, hivyo klabu haina ujanja. Kwa fainali za Morocco, siku ya kuwaachia ilikuwa Desemba 15, 2025. CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani tu, haipo kwenye kalenda hiyo na klabu hailazimiki. Njia rahisi ni kusimamisha ligi, asigombane mtu.

Ila kusimama kuna bei yake. Msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilisimama kupisha CHAN ya Februari, halafu Januari 14 CAF ikaisogeza hadi Agosti! Kwa Dodoma Jiji, iliyopanda 2020, maana yake Uwanja wa Jamhuri hauna mechi wala kiingilio, na mishahara iko palepale. Simba na Yanga angalau zina mechi za Afrika.

Mchezaji akiumia je? Kama ni mechi ya kalenda na akakaa nje zaidi ya siku 28, FIFA huilipa klabu mshahara wake. Siku 28 za mwanzo klabu inajitegemea.