Mtoto Mchanga Ana Dhambi Gani? Habari za Mashindano ya Carthago juu ya Neema

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikiwafundisha watu wanaojitayarisha kwa ubatizo, mzee mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, watuambia ya kuwa watoto wachanga nao hubatizwa ili waondolewe dhambi. Mtoto asiyejua hata kumwita mamaye, ametenda dhambi gani?" Wenziwe walicheka, lakini mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nilimwambia yale niliyofundishwa, naye akaketi kwa adabu. Ila niliona wazi kwamba hakuridhika. Baadaye nilikuta katika habari za Kanisa la kale ya kuwa swali lile lile liliulizwa katika mji wa Carthago, katika bara hili letu la Afrika, yapata miaka 1,600 iliyopita. Basi, kwa kuwa kila mwalimu ataulizwa neno hili siku moja, nimeona vema kueleza mambo yalivyokuwa.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. "Dhambi" tumelipata katika Kiarabu, na katika usemi wetu dhambi ni kitu cha kutendwa: twasema "ametenda dhambi" kama tusemavyo "ametenda kosa". Kwa hiyo mzee yule alifuata lugha yake sawasawa: pasipo tendo, dhambi yatoka wapi? Walatini nao walikuwa katika shida hiyo hiyo, kwani neno lao peccatum ni kosa lililotendwa. Ndiyo sababu Augustino, yapata mwaka 397, aliunganisha maneno mawili, originale peccatum, nasi twasema "dhambi ya asili". Lile neno la pili liliongezwa kwa kuwa la kwanza peke yake halikutosha.

Augustino huyo alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji uitwao sasa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia ya kuwa, alipokuwa kijana wa miaka 16, aliiba mapea usiku pamoja na wenzake. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Lililomtisha alipokumbuka si thamani ya matunda, bali ni kwamba aliupenda uovu kwa ajili ya uovu wenyewe. Alibatizwa na Askofu Ambrosius huko Milano mwaka 387, kisha akawa askofu wa Hippo, ambao sasa ni Annaba. Mtu aliyeyaona hayo moyoni mwake hakuweza kuamini ya kwamba binadamu hujitoa shimoni kwa nguvu zake mwenyewe.

Mshindani wake alikuwa Pelagius, mtu wa Britania aliyekaa Roma. Tusimdharau. Alikuwa mtu wa maisha safi, naye alihuzunishwa na Wakristo waliofanya uvivu, kisha wakasingizia udhaifu wa mwili. Yeye alifundisha ya kuwa Mungu mwenye haki haagizi lisilowezekana. Ya kuwa Adamu aliwadhuru wazao wake kwa mfano mbaya, wala si kwa uzazi. Na ya kuwa neema ni ule uwezo wa kuchagua tulioumbwa nao, pamoja na sheria, mafundisho na mfano wa Kristo, na msamaha wa makosa. Siku moja alimsikia askofu akitaja sala ya Augustino ya kumwomba Mungu ampe nguvu ya kutenda lile analoagiza. Pelagius hakuweza kuvumilia. Kwake yeye, sala ile ilikuwa kama kumpa mtumwa mvivu udhuru.

Mwaka 410 Wagothi wa Alaric waliuteka mji wa Roma, na watu wengi wakakimbilia Afrika. Pelagius alipita akaenda Palestina, lakini rafiki yake Caelestius alibaki Carthago, akataka kufanywa kasisi. Mwaka 411 alishitakiwa mbele ya maaskofu. Alipoulizwa habari za watoto wachanga alijibu ya kuwa wapaswa kubatizwa, ila kurithi dhambi ya Adamu ni jambo ambalo watu wa Kanisa wenyewe hawapatani juu yake. Maaskofu hawakuridhika, wakamkataa.

Hapa tuone jinsi desturi ilivyotangulia, na maelezo yakafuata. Hapo kwanza Tertullianus wa Carthago alikuwa ameshauri watoto wangoje mpaka wamjue Kristo. Lakini yapata mwaka 253, Askofu Cyprianus na wenziwe, jumla yao 66, waliamua ya kuwa hakuna haja ya kungoja hata siku ya nane. Augustino aliishika desturi hiyo, akauliza: ikiwa ubatizo ni wa ondoleo la dhambi, na mtoto hana tendo, yaondolewa dhambi gani kama si ile aliyozaliwa nayo?

Tena alitegemea maneno ya Mtume Paulo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5, aya ya 12. Katika Kiyunani maneno yale huelezwa na wataalamu wengi kwa maana ya "kwa sababu" wote walifanya dhambi, na tafsiri yetu ya Kiswahili yafuata maana hiyo. Lakini Biblia ya Kilatini iliandika in quo, nayo Augustino aliisoma "ambaye ndani yake" wote walifanya dhambi, yaani ndani ya Adamu. Hatuwezi kusema fundisho lote lasimama juu ya maneno mawili hayo, kwani alikuwa na hoja nyingine. Hata hivyo kila afasiriye na aone jinsi neno dogo libebavyo mzigo mkubwa.

Mwaka 415 baraza la Diospolis huko Palestina lilimwachilia Pelagius. Waafrika hawakukubali. Mwaka 416 mabaraza mawili, la Carthago na la Milevis, yaliandika Roma, na Papa Innocentius akakubaliana nao mwaka 417. Alipofariki, Zosimus aliyemfuata alisitasita. Tarehe 1 Mei 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Carthago, wakakaza ya kuwa neema si msamaha wa yaliyopita tu, bali pia ni msaada wa kutotenda dhambi tena. Mwaka huo huo Zosimus naye akalihukumu fundisho la Pelagius.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Askofu Julianus wa Eclanum alisema Augustino ayafanya maumbile ya mwanadamu kuwa maovu. Nadhani mithali zetu zaweza kutufafanulia. Pelagius angependa ile isemayo, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Julianus alidhani Augustino asema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Lakini Augustino alikana: mwanadamu si nyoka, ni kiumbe chema kilichojeruhiwa, naye mgonjwa hahitaji mfano wa mtu mzima tu, ahitaji mganga.

Nao watawa wa Hadrumetum, mji uitwao sasa Sousse, katika Tunisia, waliuliza swali linalotuhusu sisi walimu: ikiwa kila jema latoka kwa neema, kwa nini mkubwa atukemee? Si atuombee tu? Yapata mwaka 427 Augustino aliwajibu ya kuwa akemeaye na aombe pia, maana Mungu huweza kutumia hata kemeo kuwa njia ya neema. Mwenyewe alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake.

Nikirudi kwa mzee wangu: leo ningemwambia kwanza ya kuwa swali lake ni la heshima, na maaskofu waliliuliza kabla yake. Kisha ningemwuliza juu ya neno "kuokoka". Mtu aliyetolewa mtoni husema "nimeokoka", wala hasemi "nimejiokoa". Na pwani watu husema "mwaka wa neema", mvua ikinyesha na ghala kujaa: mkulima amelima kweli, lakini mvua hakuileta yeye. Mtoto mchanga abebwaye mpaka majini hana tendo baya la kuungama, wala hana tendo jema la kuonyesha. Naye mzee aliyemchukua mikononi, mbele ya neema, hana zaidi ya mtoto yule.