Ma Sicong
Ma Sicong (1912–1987), mpiga fidla, mtunzi na mwalimu wa Kichina, alizaliwa Haifeng katika jimbo la Guangdong, na angali kijana alisafiri hadi Ufaransa kutaalamu fidla. Utungo wake wa mwaka 1937, Sixiangqu, uliojengwa juu ya wimbo wa wenyeji wa Suiyuan na kujaa shauku ya mtu aliye mbali na kwao, ndio hasa uliomtia katika nyoyo za umma. Baada ya 1949 alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Muziki cha Taifa. Lakini Mapinduzi ya Utamaduni yalipozuka 1966, mwalimu huyu, aliyestahiki taadhima, alidhalilishwa hadharani, hata Januari 1967 akatoroka kwa mashua hadi Hong Kong, kisha Marekani. Mwaka 1985 alitakaswa na tuhuma za uhaini alizobebeshwa kwa kutoroka kwake. Alifariki Philadelphia.