Nani analipwa ukipoteza? Historia fupi ya maandishi ya pari

Wandugu, wiki hii naomba tuongee historia ya kazi moja ambayo wengi wetu wenye diplome tunaijua na hakuna anayeitia kwenye CV yake: kazi ya kuandika kurasa za pronostiki. Ukitafuta kwenye simu « pronostic Mazembe Lupopo » siku mbili mbele ya derby, unapata mtu anayekueleza nani ameumia, nani ana nguvu, na chini kabisa kode ya promo. Nani ameandika ile? Mara mingi ni kijana kama mimi na wewe, amemaliza univesite, anaandika usiku wakati kuriba inarudi. Mimi nimesoma historia, basi nilijiuliza kazi hii imetoka wapi.

Nianzie mbali kidogo, maana haikuanza na intaneti. Mwaka wa 1934 Ubelgiji ilianzisha bahati nasibu iliyoitwa Loterie Coloniale. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu mgogoro wa uchumi wa dunia. Hapa kwetu, wakati mji ukiitwa Élisabethville, Union Minière ilikuwa imerudisha maelfu ya wafanyakazi kwao, na bajeti ya koloni ilikuwa na tundu kubwa. Faida ya tiketi njo ilipashwa kusaidia kuziba tundu ile. Mabango yake ya rangi yalichorwa vizuri sana, mpaka leo kuna watu Ulaya wanayakusanya. Na angalia akili iliyo ndani: mwenye kupoteza alijifariji kwamba feza yake haikupotea, imekwenda kusaidia Kongo. Mwaka wa 1962 bahati nasibu ile ile ikawa Loterie Nationale ya Ubelgiji, na inaendelea mpaka leo. Kongo ilitoka kwenye jina, mchezo ukabaki.

Kisha kuna Bindo. Waulizeni wazazi. Mwaka wa 1991, Zaïre ikiwa na mfumuko wa bei wa kutisha, Bindo Promotion ya Kinshasa ilipokea feza za watu na kuahidi kuzirudisha mara nyingi zaidi ndani ya majuma machache. Haikuwa pari ya mpira, lakini ilikuwa mchezo wa feza, na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki aliandika juu yake mwaka wa 1992 akitumia neno « bindomanie ». Mwaka ule ule wa 1991 yote ikaanguka. Kitu kinachonivuta mimi ni tangazo lake, na tangazo lenyewe lilikuwa watu. Jirani aliyelipwa mwanzoni alirudi kwenye parcelle yake na friji mpya, na friji ile iliongea kuliko redio.

Kwa maoni yangu, hapo njo kuna siri ya biashara hii yote. Mwenye mchezo akisema « njoo ucheze », watu wanashituka. Anahitaji sauti ya tatu, mtu anayeonekana kuwa hauzi na hachezi, anakupa tu habari. Friji ya jirani ilikuwa sauti ile. Ukurasa wa pronostiki leo ni sauti ile ile.

Sasa intaneti. Mwaka wa 1994 kisiwa kidogo cha Antigua na Barbuda kilipitisha sheria iliyofungulia mlango makampuni ya michezo ya mbali, na miaka miwili nyuma yake kasino za kwanza za intaneti zilikuwa zinapokea feza. Kutangaza ilikuwa rahisi: unalipa, tangazo lako linatokea. Lakini Aprili 2004, serikali ya Marekani ikiwabana, Google na Yahoo walitangaza kwamba wanaacha kuchukua matangazo ya kamari, Yahoo kwa soko la Marekani. Kwangu mimi hii njo tarehe kubwa kuliko zote katika hadithi hii, na watu wachache wanaikumbuka. Kama mlango wa kununua tangazo umefungwa, unabaki mlango mmoja: kupanda mwenyewe kwenye majibu ya Google, pale ambapo hakuna neno « tangazo ». Google ilianza kurudi nyuma Oktoba 2008 kwa Uingereza, lakini wakati ule jeshi la waandishi na wauza viungo lilikuwa limekwisha kujifunza kazi.

Kwa nini viungo? Google ilijengwa juu ya wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine mingi ni ukurasa wa maana, kama vile sisi kwenye mémoire tunamheshimu mwandishi anayetajwa na kila mtu. Basi watu wa poka na kasino wakaanza kujitajisha. Walimwaga viungo vyao chini ya makala za watu wengine, kwa maelfu, mpaka Januari 2005 Google, Yahoo na MSN wakakubaliana juu ya alama moja, « nofollow », inayoiambia mashine isihesabu kiungo fulani. Alama hiyo iko ndani ya karibu kila blogu duniani leo, na kasino ni moja ya sababu zake.

Afrika yetu iliingia kwa njia ya simu. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu 2007 (nasema Kenya nchi, si komini yetu ya Kenya), na SportPesa ilipoanza mwaka wa 2014, kulipa na kulipwa kulikuwa kumekwisha kuwa jambo la sekunde. Mei 2017 mtu mmoja alishinda jackpot ya shilingi milioni 221. Magazeti na televisheni zilibeba picha yake bure. Kampuni haikuhitaji kuandika chochote, sauti ya tatu ilikuwa habari ya saa moja usiku. Tovuti za kuuza ubashiri wa jackpot zikaota kama majani ya mvua. Mwaka ule ule SportPesa iliweka jina lake kwenye kifua cha Everton, na tarehe 13 Julai Everton ikacheza Dar es Salaam na Gor Mahia, ikashinda 2–1, Wayne Rooney akafunga. Mechi kama ile inazalisha maelfu ya watu wanaotafuta jina lako kwenye simu siku moja. Ni tangazo na ni makala pamoja.

Kenya ilishituka mwaka wa 2019. Mwezi wa Mei msimamizi wa michezo alikataza mabango ya barabarani, watu mashuhuri kutangaza pari, na matangazo ya mitandao. Julai leseni za makampuni mengi hazikuongezwa, na Septemba SportPesa ikasimamisha kazi kwa sababu ya kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka uliofuata ilirudi. Lakini tukumbuke 2004: ukikataza bango, maandishi yanabaki. Makala ya « jinsi ya kubashiri » haina nguzo ya kung'olewa.

Sisi Kongo tulipata M-Pesa ya Vodacom mwaka wa 2012, kisha mingine. Mwaka wa 2019 kampuni ya 1xBet, yenye mizizi Urusi, ikawa mshirika wa CAF kwa kombe lililochezwa Misri, na mwaka huo huo Chelsea, Liverpool na Tottenham wakaachana nayo kwa sababu ya yaliyofunuliwa na magazeti ya Uingereza. Kile ambacho Londres ilikataa, Le Caire ilipokea. Sisi mashabiki wa Kamalondo tuliona jina lile kwenye mbao za kando ya uwanja, tukalitafuta kwenye simu. Na mtu tayari alikuwa ametuandikia jibu, kwa Kifaransa.

Jibu lile linaandikwa namna gani? Mwenzangu mmoja wa promotion amefanya kazi ile miaka miwili, akanionesha maagizo aliyokuwa anapewa na mteja wake. Kwanza unapewa maneno ambayo watu wanaandika kwenye Google: « code promo », « pronostic foot aujourd'hui », « comment retirer argent ». Neno liwe kwenye kichwa na kwenye mistari ya kwanza. Mwaka unapobadilika, unabadilisha tarakimu kwenye kichwa, makala inakuwa « mpya ». Neno kupoteza linaepukwa. Na kila kiungo kina mkia wa herufi na namba unaomtambulisha mwenye tovuti, ili ukijiandikisha kampuni ijue nani amekuleta.

Mkia ule, wandugu, njo moyo wa jambo. Mwenye tovuti ya namna hii anaitwa afilie. Kuna anayelipwa mara moja kwa kila mtu anayeweka feza ya kwanza. Kuna anayelipwa sehemu ya feza ambayo kampuni imebakiza kutoka kwako, asilimia 25, 30, mpaka 40, kila mwezi, wakati wote unapocheza. Feza iliyobaki kwa kampuni ni ile uliyopoteza. Maana yake yule anayekupa shauri la mechi ya Jumapili anapata mshahara wake katika hasara yako. Yaya wako akikupa shauri la namna hiyo kwenye familia, watu wangeitisha mkutano.

Na hasara haihitaji shauri baya, hesabu inatosha. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa. Malipo ya haki yangekuwa 2,00. Kampuni inatoa 1,90 kila upande. Katika kila franga 100 inabakiza 5 kwa wastani. Kidogo tu, si vile? Sasa tia mechi kumi za namna hiyo kwenye kombine moja. Unazidisha 0,95 mara kumi, unapata karibu 0,60. Ukiweka franga 1 000, zinazorudi kwa wastani ni karibu 600, na wastani huo unakaa mikononi mwa wachache walioshinda, wengine wote ni sifuri. Njo maana kurasa hizi zinapenda kombine kuliko mechi moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi pale Kasapa anaweza kufanya hesabu hii kwa dakika mbili. Sijawahi kuiona kwenye ukurasa hata mmoja wa pronostiki.

Simlaumu mwenzangu. Alilipa nyumba na minerval ya mdogo wake kwa kazi ile, kwa muda ambao ofisi za mji hazikujibu hata barua yake moja. Ninachosema ni kwamba kile alichouza ni Kifaransa chake safi, ufundi wake wa kupanga hoja, ile sauti ya mtu aliyesoma. Ndiyo bidhaa iliyokuwa inatafutwa.

Siku hizi bei yake imeshuka. Mashine zinazoandika zinatoa makala mia wakati yeye anatoa moja. Machi 2024 Google ilitangaza kanuni mpya dhidi ya maandishi yanayomwagwa kwa wingi, na dhidi ya watu wanaonunua majina ya tovuti yaliyokufa ili kurithi heshima yake. Mfano mmoja walioutoa wenyewe ni maandishi ya kasino juu ya tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi. Tovuti za vyuo na za serikali nazo zinavunjwa kufuli na kujazwa viungo vya kasino, kwa sababu hakuna anayezichunga na Google bado inaziamini.

Kwa wanaotaka kuona wenyewe: fungua ukurasa wowote wa pronostiki, bonyeza kwa muda mrefu kitufe cha kujiandikisha bila kukifungua, usome anwani inayotokea. Mara mingi mkia uko pale mwishoni, nyuma ya alama ya kuuliza.