Kingamwili hii au hizi?

Kinga ya maradhi iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema kingamwili hizi, si vingamwili hivi. Maabara hudai wingi huo. Sungura akidungwa ERK, protini inayopitisha ishara ndani ya seli, damu yake hutoa kingamwili poliklonali: mchanganyiko wa koo nyingi za seli B, kila ukoo ukinasa sehemu yake ya protini ileile. Kingamwili monoklonali, zao la mbinu ya wanasayansi Köhler na Milstein ya mwaka 1975, hutoka ukoo mmoja tu. Hapo ndipo “kingamwili hii” inapokubalika; kwa poliklonali, andika “hizi”.