Kisandawe: Jirani wengi, ndugu hawajulikani

KISANDAWE, lugha ya wenyeji wa Kwamtoro na vijiji jirani wilayani Chemba, mkoani Dodoma, si ya Kibantu kama Kirangi, Kigogo na Kinyaturu zinazoizunguka, wala si ya Kikushi kama Kiburunge, ingawa imeazima maneno kwa majirani hao.

Ina vidoko, yaani sauti zitolewazo kwa kufyonza ulimi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg aliiweka katika kundi la Khoisan, ambalo wataalamu wengi sasa hawalikubali. Baadhi huihusisha na lugha za Khoe za Botswana na Namibia. Ajabu ni kwamba hata Kihadzabe cha Ziwa Eyasi, nacho chenye vidoko, undugu wake na Kisandawe haujathibitishwa.

Shuleni, watoto wa Kisandawe hufundishwa kwa Kiswahili. Vidoko hubaki nyumbani.