Cheti cha msaidizi wa kisheria Marekani: Karo ni nafuu, mapato yahitaji hesabu

KARO ya yuniti moja ya masomo katika vyuo vya jamii vya California ni dola 46 kwa mkazi wa jimbo hilo, kiwango kilichoanza kutozwa 2012. Kwa hesabu hiyo, yuniti 24 za masomo ya sheria, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachokubaliwa jimboni humo kwa cheti cha msaidizi wa kisheria, hugharimu dola 1,104, kabla ya vitabu na ada nyingine ndogo. Si ajabu basi kwamba cheti hiki humvutia mhamiaji aliyechoshwa na zamu za usiku za kuwatunza wagonjwa na wazee, na anayetamani kazi ya ofisini.

Msaidizi wa kisheria humfanyia wakili utafiti, huandaa hati za kesi, hupanga majalada na kuwahoji mashahidi. Hata hivyo, hufanya hayo yote chini ya usimamizi wa wakili. Haruhusiwi kumshauri mteja kuhusu sheria wala kumwakilisha kortini. Arizona na Utah zimelegeza kanuni hiyo, lakini kwa leseni maalumu ambayo cheti hiki pekee hakitoshi kuipata.

Kuhusu mapato, Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani ilieleza kuwa mshahara wa katikati wa kazi hii ulikuwa takriban dola 61,000 kwa mwaka kufikia Mei 2024. Takwimu hiyo hupendwa sana na wanaotangaza kozi, ilhali maana yake ni kwamba nusu ya wafanyakazi wote, wakiwemo wenye tajriba ya miaka 20, walipata chini ya hapo. Asilimia 10 ya chini kabisa walipata pungufu ya dola 40,000. Mwaka huo huo, mshahara wa katikati wa wasaidizi wa wauguzi ulikuwa takriban dola 39,000. Kwa hivyo, anayeacha wodi na kuanzia ngazi ya chini katika ofisi ya wakili huenda asione tofauti yoyote mfukoni kwa miaka ya kwanza, hasa ikiwa alizoea kulipwa saa za ziada.

Isitoshe, idara hiyo inakadiria kwamba idadi ya nafasi za kazi hii haitabadilika kwa kiasi cha kutajika kati ya 2024 na 2034. Nafasi zitakazopatikana zitatokana zaidi na wanaostaafu au kuhamia kazi nyingine, na baadhi ya waajiri hupendelea wenye shahada. Ndiyo maana cheti humfaa zaidi mtu aliye na shahada tayari, hata kama ni ya ualimu au biashara. Kwa asiyekuwa nayo, diploma ya miaka miwili katika chuo kicho hicho huwa na uzito zaidi, ijapokuwa huchukua muda mrefu.

Suala la idhini nalo si la kupuuzwa. Chama cha Mawakili cha Marekani kimekuwa kikiidhinisha programu za mafunzo haya tangu 1975, na hudai yuniti 60 kwa jumla, angalau 18 zikiwa za sheria. Programu isiyo na idhini hiyo si haramu, na California huikubali almuradi chuo kinatambuliwa. Lakini katika majimbo yasiyo na sheria kama hiyo, mwajiri ndiye mwamuzi.

Bei nafuu iliyotajwa haimhusu kila mtu. Mwanafunzi aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo huongezewa ada ya wasio wakazi, ambayo huzidisha karo mara kadhaa, na hapati msaada wa fedha wa serikali kuu. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuomba ruzuku ya Pell, lakini aliyehitimu shahada ya kwanza haipati, hata kama shahada hiyo aliipata Nairobi. Hapa pana kinaya: yule ambaye cheti kingemfaa zaidi ndiye anayelazimika kujilipia.

Anayepanga kurejea nyumbani ana hesabu nyingine. Mafunzo hayo hujikita katika sheria na taratibu za korti za Marekani. Humu nchini, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 humtambua msaidizi wa kisheria aliyeidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya hutoa diploma yake chenyewe katika taaluma hii.

Kabla ya kulipa, mwombaji anaweza kusoma matangazo ya kazi katika mji anaoishi na kuhesabu mangapi yanadai shahada, kisha akiulize chuo ni wahitimu wangapi walioajiriwa na mawakili katika miaka ya karibuni.